Kizazi Hakijafungwa: Kutafuta Mtoto kwa Mwenye PCOS Karagwe na Kyerwa

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la mtoto wake. Akipita sokoni Omurushaka au Nkwenda, hasalimiwi kwa jina alilobatizwa nalo bali kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza: Mama fulani. Desturi hii ni ya heshima. Hata hivyo, kwa mke ambaye mwaka wa pili au wa tatu umepita bila mimba, hugeuka kuwa ukumbusho wa kila siku. Mawifi huanza kuuliza, mama mkwe huanza kunyamaza, na hatimaye husemwa kwamba mwanamke huyo amefungwa kizazi.

Makala haya yanaeleza hali moja ambayo mara nyingi hujificha nyuma ya maneno hayo. Kitaalamu huitwa sindromu ya ovari zenye vijifuko vingi, na katika vyeti vya hospitali huandikwa kwa kifupi PCOS. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui kuwa wanayo. Ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kutopata mimba, lakini pia ni miongoni mwa vile vinavyotibika kwa gharama nafuu iwapo hatua zitafuatwa kwa mpangilio. Wengi huanzia mwisho, au huanzia pasipo na njia, na fedha za msimu wa kahawa huisha kabla ya kipimo cha kwanza chenye maana.

Yanayotokea ndani ya ovari

Katika mzunguko wa kawaida, vijifuko kadhaa vyenye mayai huanza kukua ndani ya ovari. Kimoja hutangulia, hukomaa, hupasuka na kuachia yai, vingine hunyauka. Yai lisipokutana na mbegu ya mwanaume, hedhi hufuata baada ya wiki mbili hivi.

Kwa mwenye PCOS, vijifuko huanza kukua lakini hukwama vikiwa vidogo. Sababu kubwa ni kupotea kwa ulinganifu wa homoni. Kila mwanamke ana kiasi kidogo cha homoni za kiume, yaani androjeni. Hapa kiasi hicho huzidi. Kwa wengi, mwili pia hauiitikii vizuri insulini, ile homoni inayodhibiti sukari. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na insulini hiyo huichochea ovari kutengeneza androjeni zaidi. Kijifuko hakikomai, yai halitoki, na hedhi huchelewa.

Jina la hali hii limewatisha wengi bila sababu. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliwaeleza wanawake saba ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zenye vifuko vingi vidogo, na jina likabaki. Leo tunajua kuwa vifuko hivyo si uvimbe wa ugonjwa. Ni vijifuko vya mayai vilivyosimama kabla ya kukomaa. Havigeuki kuwa saratani ya ovari, wala haviondolewi kwa upasuaji. Mwanamke anayesomewa cheti cha altrasaundi na kuambiwa kuwa ana vivimbe vingi kwenye ovari anastahili kupewa maelezo haya kabla hajatoka mlangoni, maana asipoyapata hapo atayatafuta kwa mtu mwingine.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tatizo liko wapi. Mwenye mzunguko wa siku 28 ana nafasi 13 za kupata mimba kwa mwaka. Mwenye kupata hedhi kila baada ya siku 70 ana nafasi tano tu, hata kama kila mzunguko ungetoa yai. Na kwa mwenye PCOS, mizunguko mingine hupita bila yai kabisa. Mji wa mimba wenyewe kwa kawaida ni mzima. Kizazi hakijafungwa, nafasi zake ni chache na siku zake hazitabiriki. Tiba nzima hulenga jambo hilo moja, yaani kuziongeza nafasi hizo.

Kwa nini hali hii husahaulika kwetu

Ukanda wa magharibi mwa Ziwa Viktoria una kumbukumbu ndefu ya hofu ya ugumba. Mwaka 1952 wanaanthropolojia Audrey Richards na Priscilla Reining walifanya uchunguzi wa uzazi Buganda na Buhaya, jirani kabisa na Karagwe, na ripoti yao ikachapishwa mwaka 1954. Katika miaka hiyo, kaswende na kisonono vilitajwa mara kwa mara kila ilipozungumzwa sababu ya familia kukosa watoto. Baadaye, utafiti wa WHO katika nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 1985, ulionyesha kuwa kuziba kwa mirija ya uzazi kutokana na maambukizi kulikuwa kwingi zaidi Afrika kuliko mabara mengine. Na mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983.

Historia hii imeacha mazoea ya aina mbili. Upande wa wahudumu, mwanamke asiyepata mimba hufikiriwa kwanza kuwa na mirija iliyoziba, hupewa dawa za kuua vijidudu mara moja, mara mbili, mara tatu, na hakuna anayemuuliza hedhi yake huja kila baada ya siku ngapi. Upande wa jamii, kukosa mtoto hutazamwa kama ushahidi wa mwenendo wa zamani. Mke hushukiwa kuwa aliwahi kuugua magonjwa ya zinaa, au kuwa alitoa mimba akiwa shuleni.

PCOS haisababishwi na lolote kati ya hayo. Haitokani na uzinzi wala laana. Haitokani na vidonge vya uzazi wa mpango pia: mwanamke anayetumia vidonge hupata damu kila mwezi kwa sababu ya vidonge, na anapoviacha, mpangilio wake wa asili uliokuwa umefichika hujitokeza tena. Sindano ya uzazi wa mpango ni jambo jingine. Baada ya sindano ya mwisho, uwezo wa kushika mimba huweza kuchukua miezi 10 hivi kurejea. Mwanamke aliyeacha sindano juzi na ambaye hedhi yake haijatulia hajawa mgonjwa wa PCOS. Anahitaji muda kwanza.

Kwamba hali hii ipo katika kliniki zetu si jambo la kukisia. Mwaka 2009 watafiti Andrea Pembe na Muzdalifat Abeid walichapisha utafiti juu ya ovari zenye vijifuko vingi na dalili zake kwa wanawake wenye tatizo la kutopata mimba katika hospitali kubwa ya rufaa nchini. Ni wakati sasa swali hilo liulizwe pia katika zahanati za Kaisho, Murongo na Nyaishozi.

Utambuzi hauhitaji safari ndefu

Vigezo vinavyotumika duniani viliafikiwa Rotterdam mwaka 2003 na kuboreshwa katika mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023. Mwanamke mzima huhesabiwa kuwa na PCOS akiwa na mambo mawili kati ya matatu yafuatayo, baada ya sababu nyingine kuondolewa:

1. Hedhi isiyo na mpangilio: mzunguko unaozidi siku 35 au usiofika siku 21, au hedhi zisizofika nane kwa mwaka.
2. Dalili za wingi wa androjeni: nywele ngumu kidevuni, kifuani au tumboni, chunusi nyingi zisizoisha, nywele za utosini kupungua, au kipimo cha damu kinachoonyesha androjeni kuzidi.
3. Ovari zenye vijifuko vingi katika altrasaundi, au kiwango kikubwa cha homoni ya AMH katika damu.

Msomaji aangalie jambo moja muhimu. Mwanamke mwenye hedhi isiyo na mpangilio pamoja na dalili za wazi za androjeni haihitaji altrasaundi ili atambuliwe. Daktari au tabibu makini wa kituo cha afya anaweza kufika mbali sana kwa maswali, kalenda na macho yake. Vivyo hivyo, ovari zenye vijifuko vingi peke yake, kwa mwanamke ambaye hedhi yake ni ya kila mwezi na hana dalili nyingine, si PCOS. Kwa msichana aliye ndani ya miaka minane tangu avunje ungo, altrasaundi haitumiki kabisa kutambua hali hii, kwa kuwa ovari za umri huo huwa na vijifuko vingi kwa kawaida.

Dalili nyingine inayosaidia ni ngozi nene na nyeusi shinganoni na kwapani, ambayo wengi hudhani ni uchafu na huisugua bila mafanikio. Huashiria kuwa mwili hauiitikii insulini vizuri.

Kabla ya kuandika PCOS katika cheti, mhudumu ahakikishe kwanza kuwa mwanamke hana mimba. Kisha, inapowezekana, apimwe homoni ya tezi ya shingo na homoni ya maziwa, prolaktini, hasa kama matiti yanatoa maziwa ilhali hanyonyeshi. Mwanamke ambaye sauti yake imekuwa nzito au nywele zimeota kwa kasi ndani ya miezi michache apewe rufaa bila kuchelewa, kwani huenda ana uvimbe unaotoa homoni.

Kanuni ya jumla ni kusubiri miezi 12 ya kujaribu kabla ya uchunguzi, au miezi sita kwa aliyefikisha miaka 35. Mwenye hedhi inayoruka miezi hahusiki na kanuni hiyo. Tatizo lake limekwisha kujionyesha, na kumwambia arudi baada ya mwaka ni kumpotezea mwaka.

Wapimwe wawili

Hata PCOS ikithibitishwa, haijulikani bado kama ndiyo sababu pekee. Inakadiriwa kuwa upande wa mwanaume huchangia katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo la kupata mtoto. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko vingi anavyofanyiwa mwanamke: sampuli moja, baada ya siku mbili hadi saba bila kujamiiana. Kumpa mke dawa za kupevusha mayai kwa miezi sita kabla ya mume kupimwa ni kupoteza dawa na matumaini.

Waume wengi hawakatai kupimwa; hukataa kuaibishwa. Wito wa mhudumu ukiandikwa kwa wote wawili tangu siku ya kwanza, mume huja kama mshiriki. Ukimfikia kupitia kinywa cha mkewe baada ya mwaka mzima, huja kama mshtakiwa, au haji kabisa. Ijulikane pia kuwa mwanaume aliyewahi kupata mtoto hajathibitisha kuwa mbegu zake ni nzima leo.

Kisha yapo mazingira ya ndoa yenyewe. Mume anayefanya kazi visiwani, machimboni au katika biashara ya mbali, na anayerudi nyumbani mara chache, hupunguza nafasi ambazo tayari ni chache. Vipimo vya mkojo vya kutabiri siku ya yai huweza kudanganya kwa mwenye PCOS, kwa sababu homoni vinayoipima mara nyingi huwa juu muda wote. Ushauri ulio bora ni wa kawaida: wanandoa wakutane kila baada ya siku mbili au tatu, hasa katika wiki zinazofuata tiba.

Hatua za tiba

Hatua ya kwanza ni mwili wenyewe. Kwa mwanamke mwenye uzito uliozidi, kupunguza asilimia tano hadi kumi ya uzito huweza kurejesha mpangilio wa hedhi na kuisaidia dawa ifanye kazi. Hakuna mlo mmoja uliothibitika kuushinda mwingine, na hakuna haja ya vyakula vya kuagizwa. Sahani ya nyumbani, yaani ndizi na maharage pamoja na mboga za majani, ni nzuri. Kinachohitajika ni kupunguza wingi wa ndizi, kuongeza maharage na mboga, na kuacha soda na sukari nyingi katika chai. Wapo pia wanawake wembamba wenye PCOS, na huku kwetu, ambako wengi hushika jembe tangu alfajiri, hawa wasisahaulike. Mwembamba asiambiwe apungue. Kila anayetafuta mimba aanze asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kabla mimba haijaingia.

Hatua ya pili ni dawa ya kupevusha yai. Kwa miaka mingi iliyotumika ilikuwa klomifeni. Mwongozo wa mwaka 2023 unaitanguliza letrozoli. Msingi mmoja wa uamuzi huo ni utafiti wa Marekani ulioongozwa na Richard Legro na kuchapishwa mwaka 2014: kati ya wanawake 750 wenye PCOS waliotibiwa hadi mizunguko mitano, asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli walijifungua mtoto hai, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni. Takwimu hizi zina mambo mawili ya kusema. Tiba hufanya kazi, na pia huhitaji subira, maana wengi walimaliza mizunguko mitano bila mtoto na kulazimika kuendelea na hatua nyingine.

Letrozoli ni vidonge vinavyomezwa kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Ilianza kama dawa ya saratani ya matiti, na mgonjwa aelezwe hivyo mapema, asije akasoma karatasi ya dawa nyumbani na kudhani amefichwa ugonjwa. Haitumiki kwa mwenye mimba, kwa hiyo kipimo cha mimba hutangulia. Dawa hizi zote huongeza kidogo uwezekano wa mapacha.

Metformini husaidia baadhi ya wanawake, hasa wenye tatizo la sukari, ila ikitumika peke yake ina nguvu ndogo kuliko letrozoli. Wahudumu wa Kagera wakumbuke jambo moja: dolutegraviri, iliyomo katika dawa za kufubaza VVU zinazotumiwa na wengi sasa, huongeza kiwango cha metformini mwilini. Anayetumia zote mbili kwa kawaida asizidishe miligramu 1,000 za metformini kwa siku.

Vidonge vikishindwa, ndipo huja picha ya mirija ya uzazi kama haijafanyika, sindano za homoni chini ya uangalizi wa altrasaundi, upasuaji mdogo wa ovari kwa kamera, na mwisho kabisa urutubishaji wa mayai nje ya mwili. Hatua hizi ni za mabingwa, na kwa mkazi wa Karagwe au Kyerwa maana yake ni Bukoba, kisha Chato, Mwanza au Dar es Salaam. Aliye Murongo huona Mbarara, ng'ambo ya mpaka, iko karibu kuliko Mwanza. Popote aendapo, aende na kalenda yake ya hedhi, majibu ya vipimo na orodha ya dawa alizokwisha kutumia, ili asianzishwe upya.

Mitishamba, "kusafisha kizazi" na dawa za dukani

Kagera ni hazina ya miti ya dawa. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, akiwemo Mainen Moshi, wamechapisha tangu mwaka 2009 mfululizo wa tafiti juu ya tiba asili za mkoa huu. Kuorodhesha mti na matumizi yake ni mwanzo wa utafiti. Si uthibitisho kuwa mti huo hupevusha yai. Mganga asidharauliwe, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye aliyemsikiliza mwanamke huyu kwa muda mrefu kuliko sisi. Lakini yapo mambo ya kukataa bila kusitasita. Kuingiza dawa ukeni kwa jina la kusafisha kizazi huweza kuunguza na kuleta maambukizi, na maambukizi huziba mirija. Hivyo mwanamke mwenye tatizo linalotibika kwa vidonge huishia kuwa na la pili lililo gumu zaidi.

Hatari nyingine ni klomifeni inayonunuliwa dukani bila kipimo na kumezwa mwezi baada ya mwezi. Asiyefuatiliwa hajui kama yai linapevuka au la.

Kazi ya mhudumu wa ngazi ya chini

Mhudumu wa zahanati anaweza kufanya mengi bila mashine. Amwulize mwanamke faraghani, si mbele ya foleni, kwa sababu swali la "umezaa mara ngapi?" likiulizwa kwa sauti huweza kumfanya asirudi tena. Ampe daftari la kuandika tarehe za hedhi. Apime shinikizo la damu, uzito na sukari. Aandike rufaa ya watu wawili kwenda kituo cha afya au hospitali, iwe Nyakahanga, Isingiro au hospitali ya wilaya, na katika rufaa hiyo aandike urefu wa mzunguko wa hedhi. Aulize pia kuhusu usingizi, huzuni na usalama nyumbani, kwa kuwa sononi ni nyingi zaidi kwa wenye PCOS, na kipigo kwa sababu ya kukosa mtoto si jambo la kufichwa.

Mimba ikipatikana, na isipopatikana

Mwenye PCOS akishika mimba aanze kliniki mapema na aitaje hali yake, kwani hatari ya kisukari cha mimba na ya shinikizo la damu huongezeka. Mimba ya kwanza haimalizi ugonjwa, japo wengine hupata ya pili kwa urahisi zaidi.

Asiyepata mimba, au asiyetaka tena, bado ana sababu ya kurudi kliniki. Hedhi isipokuja kwa muda mrefu, utando wa mji wa mimba huendelea kunenepa bila kutoka, na baada ya miaka huweza kuzaa saratani. Mwanamke anayekaa zaidi ya siku 90 bila hedhi, naye hana mimba, apewe dawa ya kuileta au vidonge vya uzazi wa mpango vya kuilinda. Sukari ipimwe pale hali inapotambuliwa, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kulingana na hatari aliyonayo.

Hivyo kliniki isimhesabu mwanamke huyu kwa mtoto tu. Mwili wake unahitaji huduma kabla ya mtoto, baada ya mtoto na hata pasipo mtoto. Atakayeanza leo aanze na kilicho karibu: daftari, tarehe ya hedhi ya mwisho, na mume aliye tayari kuongozana naye hadi kituo cha afya.